Shangazi kasema bibi hakuokoka. Sasa bibi yuko wapi?

mjukuu_dunda

Habari za saa hizi wakuu. Naombeni msaada kwa utulivu maana najua mambo ya dini huwa yanaanza kwa aya yanaishia kwa matusi, mi mwenzenu nimefiwa na ubishi sina nguvu nao.

Bibi yangu mzaa baba katutoka mwezi uliopita, tumemzika hapahapa Bagamoyo. Mkatoliki wa asili yule, wazee wake wanatokana na wale watumwa waliokombolewa na mapadre wakapewa makazi pale Misheni, ile Misheni ya mwaka 1868, kwa hiyo kwake kanisa na ukoo ni kitu kimoja. Rozari haitoki mkononi, mwezi wa tano na wa kumi, ile miezi ya Bikira Maria, ndo usiseme, hata akichambua mchele unaona midomo inacheza. Kama kuna mtu nilikuwa na uhakika naye ni huyo.

Sasa siku ya tatu ya matanga tumeshakula, watu wamekaa kwenye turubai, baba mdogo akaanza kuongea habari za mama yake. Baba mdogo ni Msabato tangu alipooa. Akasema tusilie sana, mama kalala, hajui lolote hasikii lolote mpaka parapanda. Katekista naye akadakia kwa upole kwamba tusiache kumwombea, Misa ya arobaini iandaliwe mapema, roho ya marehemu itakaswe. Hapo bado kuko shwari. Ndo shangazi akainuka. Shangazi yeye ameokoka, anasali Dar kwenye makanisa ya kiroho, akasema hivi nanukuu, "Mama alikuwa mtu mwema lakini hakuokoka, na wema haumwingizi mtu mbinguni, tusidanganyane." Wallahi mpaka majirani zetu Waislamu waliokuja kutustiri na msiba wakainamisha vichwa.

Yaani mtu mmoja, kazikwa mara moja, kapangiwa sehemu tatu na watu waliokula sinia moja.

Na kuna kingine sijakisema nyumbani. Siku mbili kabla hajafariki bibi alinipigia simu mara tatu. Nilikuwa kwenye gari natoka Dar, makelele, nikasema nikifika nitampigia, nikafika nikasahau, kesho yake nikasema jioni, hiyo jioni nikaambiwa kazidiwa hawezi kuongea. Tangu tumzike naenda makaburini jua likipoa naongea naye, namwambia bibi samahani. Sasa kama baba mdogo yuko sahihi basi naongea na mchanga. Kama shangazi yuko sahihi hata sitaki kumalizia. Wenye kujua naombeni, siyo kunifariji tu, niambieni hasa kilichoandikwa.

kipara_ngoto

Pole sana kaka. Mi elimu ya dini sina ila shangazi kachagua siku mbaya, hata kama ni ukweli hausemwi watu wana tonge mdomoni.

msabato_muheza

Pole mdogo wangu. Acha nimtetee baba yako mdogo kidogo maana najua Wasabato tunavyosikika kwenye misiba, tunaonekana kama watu wa kuja kuzima taa. Hoja yetu inatoka Mhubiri 9:5, walio hai wanajua ya kwamba watakufa lakini wafu hawajui neno lolote, na Zaburi 146:4, pumzi yake hutoka, hurudia udongo wake, siku hiyo mawazo yake hupotea. Na Yesu mwenyewe kwenye Yohana 11 alianza kwa kusema rafiki yetu Lazaro amelala, wanafunzi wakadhani usingizi wa kawaida, ndo akawaambia waziwazi Lazaro amekufa. Halafu angalia, Lazaro kakaa kaburini siku nne na alipotoka hatuna hata mstari mmoja anasimulia ya mbinguni. Mtu atolewe peponi arudishwe Bethania aje augue tena afe tena, hiyo nayo ingekuwa zawadi gani?

Lakini kuna kitu baba mdogo labda hakumalizia. Aliyelala hahesabu saa. Unafumba macho saa nne usiku, ukifumbua adhana ya alfajiri inalia, katikati hukuona kitu. Kwa bibi yako kinachofuata baada ya kile kitanda alichofia ni sauti ya Yesu, hata kama kwetu huku itapita miaka mia tano. Na hakuna anayeungua sasa hivi mahali popote, sisi hata habari ya kuungua bila mwisho hatuifundishi, tunaamini waovu watateketea waishe. Kwa hiyo kwa shangazi yako nina neno moja tu, hukumu haijasomwa bado.

mzee_wa_stendi

Msabato naona umepita mbali kabisa na Luka 23:43. Yule mwizi msalabani kaambiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi. Leo ni leo.

msabato_muheza

Nilijua utakuja tu. Kigiriki cha zamani kiliandikwa bila mikato, ukiuweka mkato baada ya "leo" inasomeka nakuambia leo, utakuwa pamoja nami. Na Jumapili asubuhi alimwambia Mariamu Magdalene sijapaa kwenda kwa Baba, Yohana 20:17, sasa Ijumaa alikuwa peponi ipi?

mzee_wa_stendi

"Amin nakuambia" imejaa kwenye Injili na hamuihamishii mkato mahali pengine popote ila hapo tu. Haya tuache, mwenye msiba kaomba utulivu, nitarudi kwa mengine.

kahawa_chungu

Pole sana ndugu, na bibi yako kama ni huyo ninayemfikiria basi nimekaa naye benchi moja kanisani miaka mingi.

Nianze na katekista, maana hata Wakatoliki wenyewe wengi tunaifikiria toharani kama mahabusu, kwamba mtu yuko ndani kesi haijaamuliwa. Siyo hivyo. Mafundisho ni kwamba anayepita toharani ni yule aliyekufa katika neema na urafiki wa Mungu, wokovu wake ni hakika, kilichobaki ni kutakaswa tu. Kwa hiyo katekista hakusema bibi yuko nusu kwa nusu, kasema bibi ameokolewa, anaoga kabla ya kuingia arusini. Na kumwombea marehemu tunasoma Wamakabayo wa Pili sura ya 12, Yuda Makabayo alichangisha fedha zikapelekwa Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliouawa. Tatizo hicho kitabu hakimo kwenye Biblia anayotumia shangazi yako, ndo maana mkianzia hapo hamtaelewana hata mkeshe. Na tuseme ukweli, sisi nasi tuliwahi kuichafua hii habari, ile biashara ya rehema, yaani kuuza kwa fedha msamaha wa adhabu za dhambi, ndo iliyomkasirisha Luther mwaka 1517 mpaka Waprotestanti wakatokea, kwa hiyo mtu akisikia Misa ya marehemu akashtuka simshangai sana.

Sasa la mwili na roho. Mi huwa nazungusha wageni pale Misheni, na lazima tu tufike kwenye habari ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mzungu. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, hiyo ni Zambia ya leo, watu wake kina Chuma na Susi wakautoa moyo wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakaukausha juani wakaufunga, wakaubeba kwa miguu miezi na miezi mpaka wakafika hapa kwetu Februari 1874. Ukalazwa Misheni, ukavushwa Unguja, Aprili ukazikwa London pale Westminster Abbey. Sasa wageni huniuliza, tena wale wazee wazee, siku ya ufufuo huyu itakuwaje, moyo Zambia mwili Uingereza? Wanauliza wanacheka lakini wengine ukiwaangalia macho unaona wanauliza kweli.

Jibu si langu, Wakorintho walishamuuliza Paulo swali hilohilo, wafu wanafufuliwaje, wanakuja kwa mwili gani. Naye alijibu kwa ukali utadhani mwalimu kachoka, "Ewe mpumbavu! Uipandayo haihuiki, isipokufa." Ni 1 Wakorintho 15. Wewe mtu wa Bagamoyo mpunga unaujua, ukimwaga mbegu shambani hurudi baadaye kulitafuta ganda lake, unatafuta suke.

Na jambo moja huwa nalisema kwa wageni hata kama padre hayupo karibu. Livingstone alikuwa Mprotestanti kutoka Scotland, waliompokea ni mapadre Wakatoliki wa Kifaransa, na waliombeba ni Waafrika ambao kila mtu alikuwa na yake moyoni. Hata hivyo maiti ilipokelewa. Ukitoka hapo pita makaburi ya wamisionari usome miaka kwenye misalaba, malaria iliwamaliza wengi wakiwa bado vijana, na waliobaki Ulaya waliendelea kupanda meli kuja wakijua hivyo. Mtu hafanyi hivyo kwa imani ya kubahatisha.

kipara_ngoto

Daah hiyo ya chumvi sikuijua. Miguu ya watu wa zamani ilikuwa ya chuma.

binti_ngalawa

Kaka mjukuu mimi baba yangu hana kaburi. Alikuwa mvuvi huku Tanga, akatoka na ngalawa kipindi cha upepo wa kusi, ngalawa ilipatikana yeye hakupatikana. Nilikuwa darasa la sita. Tulikaa msiba bila maiti, hujui ulie saa ngapi, kila mbwa akibweka usiku mama anainuka kwenda mlangoni. Mwaka mzima mama alikataa kuvaa nguo za msiba. Wewe una mahali pa kwenda jua likipoa, shukuru.

Kilichonitoa ni siku moja kanisani wanasoma Ufunuo 20, "bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Nimesikia Biblia tangu mtoto sijawahi kuusikia huo mstari. Nilitoka nje nikalia pale chini ya mwembe, kumbe kuna mtu alishawafikiria watu wa pwani. Siku hizi sibishani na mtu kama baba kalala au yuko macho, najua tu bahari imepewa dhamana na itadaiwa.

Kuhusu kuongea naye, mimi huwa naenda ufukweni Raskazone nakaa kwenye majabali naongea na baba. Nilimuuliza mchungaji wetu (sisi ni Waanglikana) kama nafanya dhambi. Akanyamaza kidogo akaniambia mwambie Mungu, yeye anajua alipo, huo ujumbe hautapotea. Basi siku hizi naanza na Mungu, ila katikati najikuta nimeshahamia kwa baba, sijui wengine mnawezaje.

mama_ushindi

Bwana asifiwe. Mi nimeokoka huu mwaka wa kumi na mbili na najua nitapigwa mawe hapa, lakini naomba nimsemee huyo shangazi maana wote mnamuona katili.

Alikosea wakati na alikosea maneno, hilo nampa. Ila mjue sisi tunachofundishwa, mtu lazima mwenyewe kwa kinywa chake akiri, Warumi 10:9, ukimkiri Yesu kwa kinywa chako ya kuwa ni Bwana na kuamini moyoni mwako ya kuwa Mungu alimfufua katika wafu, utaokoka. Na kifo kikija mlango umefungwa, Waebrania 9:27, watu wanawekewa kufa mara moja na baada ya kufa hukumu, hakuna Misa wala arobaini inayobadilisha. Sasa fikiria unaamini hivyo kwa moyo wako wote, na aliyelala kwenye jeneza ni mama yako mzazi na hukuwahi kumsikia akiyasema hayo kwa namna ile mliyofundishwa wewe. Unafiwa mara mbili. Mtu anayesema kwa nguvu vile mbele za watu mara nyingi anajibizana na nafsi yake, analaumu kwamba miaka yote hiyo alikuwa na nafasi ya kukaa na mama yake akamwongoza sala ya toba na hakufanya. Mimi baba yangu alipofariki nilifanya vituko kushinda hivyo, nikagoma hata kula chakula cha msibani, leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba kukiri kwa kinywa hakuna fomu yake. Huyo bibi kila Jumapili alisimama kanisani akasema nasadiki kwa Yesu Kristo, akateswa kwa mamlaka ya Ponsyo Pilato, akasulibiwa, akafa, siku ya tatu akafufuka. Hiyo imesemwa kwa kinywa ama haikusemwa? Moyoni alikuwa na nini ni Mungu ajuaye, kama ambavyo wangu pia anaujua yeye. Kamuulize shangazi yako anaogopa nini, usimuulize anaamini nini. Hapo mtaongea.

mzee_wa_stendi

Nimerudi. Mama Ushindi umenizibia yangu mengi, lakini nina machache. Mi ni Mlutheri wa Chumbageni, Tanga, na hili suala la mtu anaokolewa kwa nini ndo lililotugawa na Wakatoliki miaka karibu mia tano. Watu wengi hawajui kwamba tarehe 31 Oktoba 1999 kule Augsburg Ujerumani Walutheri na Wakatoliki walikaa wakatia sahihi tamko la pamoja, kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, siyo kwa sababu ya mastahili yoyote tuliyonayo. Kwa hiyo shangazi anaposema wema haumwingizi mtu mbinguni, Wakatoliki nao wameshasema hivyo na wakatia sahihi. Anapigana na mtu ambaye hayupo ulingoni. Bibi hakuwa anashika rozari ili apewe risiti.

Na yule mwizi tuliyekuwa tunagombania mkato wake, tumesahau kitu kikubwa zaidi. Hakubatizwa, hakuongozwa sala, hakuandikiwa nia ya Misa ya kumwombea, hakuulizwa habari ya Sabato wala Jumapili, alisema tu Yesu nikumbuke. Na akakumbukwa. Mkato uwekwe popote utakapowekwa, kuahidiwa aliahidiwa.

Ila kinachonishangaza kwenye ubishi wenu wa kwenye turubai ni hiki. Baba mdogo anangoja ufufuo, katekista anangoja ufufuo, shangazi naye ukimuuliza vizuri anangoja ufufuo. Kwenye imani ya mitume hakuna sentensi inayosema naamini roho yangu itakaa mahali fulani ikisubiri, imeandikwa ufufuo wa mwili na uzima wa milele. Sasa nyie mko stendi mnagombana kama abiria anayesubiri basi anatakiwa asimame, akae au alale kwenye benchi, wakati tiketi zenu zote zimeandikwa mahali pamoja. Nimekaa stendi miaka ishirini nakata tiketi, hayo nayajua.

Mpe shangazi Warumi 14:4 lakini mpe kwa upole, wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine, kwa bwana wake mwenyewe yeye husimama au huanguka.

msabato_muheza

Mzee wa stendi hapo kwenye ufufuo nakuunga mkono kwa mikono miwili. Hapo kwenye Jumapili na Sabato tutakutana siku nyingine.

jirani_magomeni

Nyie mi Muislamu lakini nilikuwepo kwenye huo msiba, ni mimi niliyeleta yale majamvi. Yule bibi kila Idi alikuwa wa kwanza kutuletea watoto vitumbua, na Ramadhani alikuwa hapiki mchana kwa kutuonea haya, harufu isivuke ukuta. Sisi tuna yetu kuhusu barzakh, yaani hali ya marehemu mpaka kiyama, sitayaleta hapa siyo mahali pake. Nasema tu hayo maneno ya shangazi yalituuma hata sisi. Arobaini lini? Sufuria kubwa lipo kwangu.

mjukuu_dunda

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote mara mbili, binti ngalawa yako nimeisoma mara nne.

Nimefanya alivyosema Mama Ushindi. Jana nilimpigia shangazi, sikumpa aya yoyote, nilimuuliza tu shangazi unaogopa nini. Akakaa kimya mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akaanza kulia, akasema siku mbili kabla mama hajafa alinipigia simu. Mwili ukanisisimka. Nikamwambia shangazi na mimi alinipigia, mara tatu, sikupokea. Akaniambia mimi nilipokea, nikajua sasa ndo nafasi ya kumwongoza mama, nikaanza kumhubiria, mama ananiambia we mtoto subiri nina shida, kuna gunia la mchele Ruvu nimelilipia natafuta mtu wa kunifuatia kabla mvua haijaharibu barabara, wewe na huyo mwenzio wa Dunda (ndo mimi) hampokei simu. Eti shangazi akamkatisha akamwambia mama mchele tutauacha duniani. Bibi akacheka akamwambia ndiyo, lakini usipofuatwa utaachwa kwenye gunia lake si matumboni mwa watu, akakata.

Sasa shangazi kilichomkaa rohoni ni hicho, kwamba maneno ya mwisho ya mama yake yalikuwa mchele. Anasema kama angekuwa ameokoka angeongelea mbinguni. Mi nimeshindwa kumjibu, nimebaki nacheka huku machozi yananitoka, wiki zote hizi najiuliza bibi alitaka kunipa siri gani, kumbe gunia.

Nimelifuata leo asubuhi na bodaboda. Lipo, halijaguswa, mwenye mashine ya kukoboa alikuwa amelifunika na kuandika jina la bibi kwa makaa. Misa ya arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nia nimeandikisha mwenyewe. Baba mdogo kasema Jumamosi ni Sabato yake atakuja jioni jua likizama. Shangazi kasema kwenye Misa haingii lakini kalipia turubai na viti, na kaniambia huo mchele asiuguse mtu mwingine, atapika yeye.

jirani_magomeni

Mchele mpya wa Ruvu msiuharibu kwa pilau. Mwambie shangazi wali wa nazi, nazi nitaleta mimi, na samaki wa kukaanga. Sufuria naleta Ijumaa baada ya swala.

kipara_ngoto

Wa Dar tunaruhusiwa?

mjukuu_dunda

Njooni. Daladala za Bagamoyo zinaanza asubuhi na mapema, ukishuka uliza kwa bibi wa vitumbua.